Tuketi na Timu Zetu Kabla ya Kulaumu Utamaduni

Hotuba hii, kuhusu utamaduni wetu na ajaili (agile), yaani namna ya kuunda programu za kompyuta kwa hatua fupi fupi, niliitoa hapa Nairobi mbele ya waunda programu, viongozi wa timu na wanafunzi. Walioshindwa kufika wameomba niiweke yote, nami naiweka kama ilivyosemwa, bila zile picha za ukutani.

Wenzangu, hamjambo?

Walimu wetu mlioketi mbele, heshima zenu. Ndugu na dada mliotoka Rongai, Juja na Kitengela, asanteni kwa kuitoa Jumamosi yenu. Wanafunzi mliosimama kule mlangoni, sogeeni, viti vipo huku mbele.

Kazi yangu ni kuketi na timu zinazounda programu katika jiji hili. Westlands, Kilimani, Upper Hill, maghorofa ya Ngong Road. Naketi pembeni na daftari, natazama watu wanavyopanga kazi, wanavyobishana, wanavyonyamaza. Na karibu kila ofisi ninayoingia, kabla sijavuta kiti, kiongozi hunipeleka kando na kuniambia yale yale: "Mambo ya ajaili ni mazuri, lakini kwa watu wetu hayashiki. Watu wetu hawasemi. Watu wetu wanamwogopa mkubwa. Ndio utamaduni wetu."

Ndio utamaduni wetu! Nani kati yetu hajawahi kuyasikia maneno haya? Nani hajawahi kuyasema?

Leo nataka tuyaweke mezani tuyapime. Yakiwa ya kweli, basi tufunge virago turudi kwenye mipango ya miaka mitatu na vitabu vya mahitaji ambavyo hakuna anayevisoma. Yakiwa si ya kweli, basi tumewabebesha vijana wetu lawama isiyo yao.

Kwa wale wanafunzi wa mwaka wa kwanza, nieleze kwa ufupi tunazungumzia nini. Mwezi wa Februari 2001, watu 17 walikutana Snowbird, katika milima ya Utah huko Marekani, wakaandika tamko fupi sana. Walikuwa wamechoshwa na miradi inayopangwa kwa miaka, na siku ya mwisho mteja anakabidhiwa kitu ambacho hakihitaji tena. Wakasema wanathamini zaidi watu na mazungumzo yao kuliko taratibu na vifaa. Programu inayofanya kazi kuliko makaratasi mengi. Kushirikiana na mteja kuliko kuvutana juu ya mkataba. Kuyapokea mabadiliko kuliko kung'ang'ania mpango. Ndiyo ajaili hiyo. Skramu (scrum), yaani kufanya kazi kwa vipindi vifupi, kanban, yaani kufuatilia kazi kwa kadi ubaoni, vikao vya asubuhi vya kusimama, vikao vya kutazama nyuma kila baada ya wiki mbili, hizo zote ni njia za kuyatekeleza.

Mmeona kitu hapo? Tamko zima linategemea jambo moja: kwamba mtu aliye na habari mbaya ataisema mapema, kwa sauti, mbele ya wenzake. Hilo likikosekana, kinachobaki ni mikutano mingi na karatasi za rangi ukutani. Kwa hiyo yule kiongozi anayenivuta kando hajakosea mahali pa kuangalia. Ameangalia penyewe kabisa. Ila jibu alilolipata amelichukua haraka mno.

Tuanze na ushahidi wake, maana huwa anao, na ushahidi wenyewe ni namba.

Kati ya mwaka 1967 na 1973, kampuni ya IBM iliwapa wafanyakazi wake duniani kote dodoso, zaidi ya 100,000 kwa jumla. Mholanzi Geert Hofstede akayachambua majibu, na mwaka 1980 akatoa kitabu kilichobadilisha namna watu wanavyozungumzia utamaduni kazini. Alizipa nchi alama. Moja ya alama hizo ni ya umbali wa madaraka, yaani ni kwa kiasi gani watu wa chini wanakubali kwamba wa juu ana nguvu kuliko wao na hahojiwi. Marekani ilipata 40. Afrika Mashariki ikapata 64. Hapo ndipo mtu anapofunga mjadala: "Si mnaona? Sisi ni 64."

Sisi ni akina nani?

Hiyo Afrika Mashariki ya 64 ni Kenya, Tanzania, Ethiopia na Zambia pamoja. Wafanyakazi wa IBM katika nchi hizi walikuwa wachache, kwa hiyo majibu yao yakaunganishwa. Fikirini miaka ile. Ethiopia ya Haile Selassie, iliyokuwa na mfalme. Tanzania ya Mwalimu Nyerere, iliyokuwa ikijenga Ujamaa. Zambia ya Kaunda. Kenya ya Mzee Kenyatta. Nchi nne, kila moja na siasa zake na shule zake, zikapewa alama moja. Na alama hiyo, iliyotoka kwa watu wachache wa kampuni moja zaidi ya miaka 50 iliyopita, leo inatumiwa kumweleza binti aliyezaliwa mtaa wa Umoja hapa Nairobi mwaka 2001.

Simshambulii Hofstede. Mwenyewe alionya kwamba alama ya nchi haimwelezi mtu mmoja mmoja, na wanaomnukuu ndio wanaolisahau onyo hilo. Mwaka 2002 mtaalamu Brendan McSweeney aliandika ukosoaji mkali, akiuliza inawezekanaje wafanyakazi wa kampuni moja wasimame badala ya taifa zima. Swali hilo nalirudia kwenu nyote mnaoandika tasnifu. Kila mwaka nasoma kazi za wanafunzi zinazoanza na 64 na kuishia na 64, na katikati hakuna hata mtu mmoja aliyefungua mdomo.

Katika timu moja ya Kilimani niliyokaa nayo, aliyekuwa mkali kuliko wote mbele ya mkurugenzi alikuwa kijana mdogo, kazi yake ya kwanza, aliyelelewa na babu yake kijijini kule Bungoma. Aliyekuwa kimya kuliko wote alikuwa bwana mmoja aliyefanya kazi London kwa miaka mingi. Mtu akitumia alama za nchi, angebashiri kinyume kabisa. Nilipomuuliza yule kijana amejifunza wapi kuongea hivyo, aliniambia kwa babu yake: pale nyumbani, mtoto aliyeona ng'ombe ameingia kwenye shamba la jirani na akanyamaza, ndiye aliyeadhibiwa.

Jambo la pili. Tunazungumza utadhani ajaili imetoka mahali ambapo watu hawana wakubwa. Haikutoka huko.

Jina la skramu lina asili katika makala ya mwaka 1986 ya Wajapani wawili, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, walioandika kuhusu timu za kampuni kama Honda, Canon na Fuji-Xerox. Kanban ilitoka Toyota, kwa Taiichi Ohno. Sasa niambieni, Japani ni nchi isiyoheshimu wakubwa? Japani, ambako hata namna ya kuinamisha kichwa inategemea aliye mbele yako ni nani?

Tazameni kilichofanyika Toyota, maana kwangu mimi somo lote liko hapo. Juu ya mstari wa kuunganisha magari waliweka kamba. Fundi yeyote, hata yule mgeni, akiona kasoro anaivuta. Taa inawaka, na kiongozi wa kikundi anakuja pale alipo fundi. Wakiimaliza kasoro kwa wakati, kazi inaendelea. Wasipoimaliza, mstari unasimama.

Hawakumwondoa mkubwa. Mkubwa yupo na anaheshimiwa. Walichobadilisha ni kile anachofanya mkubwa kamba ikivutwa. Anakuja. Anakuja kusaidia. Haji kuuliza nani amesimamisha kazi.

Basi kila kiongozi aliye humu ndani ajiulize: mara ya mwisho kijana wako alipovuta kamba, ulikuja na nini? Kwa sababu yeye anakumbuka. Na wenzake waliokuwa wakitazama wanakumbuka zaidi.

Sasa niwapeleke jikoni.

Ofisi moja ya Westlands, timu inayounda mfumo wa malipo kwa mteja wa Ulaya. Saa tatu asubuhi kuna kikao cha kusimama, kwa njia ya video, kwa Kiingereza, mteja akiwemo. Kila mtu anasema jana alifanya nini, leo atafanya nini, kuna kizuizi gani. Kijana mmoja alikuwa na kadi ubaoni, ya kuunganisha malipo. Jumatatu akasema anakaribia kumaliza, hana kizuizi. Jumanne vivyo hivyo. Jumatano kadi ikahamishwa kwenda upande wa kazi zilizokamilika, na jioni, wengine wakifunga mabegi, nikamwona akiirudisha taratibu mahali ilipokuwa.

Alhamisi saa nne nikamfuata jikoni. Pale kuna birika la chai ya maziwa, sahani ya mandazi, na sinki ambapo kila mtu huosha kikombe chake. Kijana akamwambia mwenzake kwa Sheng, "Hii kitu imenilemea. Seva yao inajibu imechelewa, yangu inajaribu tena, mteja anakatwa pesa mara mbili." Kumbe dada aliyekuwa akisuuza kikombe alikumbana na tatizo lile lile mwezi uliotangulia. Akageuka, akamweleza wanavyoweka namba ya kipekee kwa kila muamala ili seva ikatae kuurudia. Wakachora kwa kidole chenye maji juu ya kaunta. Dakika kumi. Siku nne za kimya zikaisha kwa dakika kumi.

Na kiongozi wa timu alikuwa wapi? Mezani kwake. Katika ofisi ile, mkubwa haendi jikoni. Chai yake huletwa kwenye sinia, na huletwa kwa mapenzi, si kwa woga. Ni heshima waliyompa tangu alipopandishwa cheo. Lakini heshima hiyo ilikuwa imemtoa kwenye kikao cha pekee ambamo ukweli wa mradi wake ulikuwa ukisemwa.

Nilimuuliza yule kijana kama alikuwa akimwogopa bosi. Akashangaa. La, bosi ni mtu mzuri. Basi mbona hukusema? Akaniambia kwamba saa tatu, kwa Kiingereza, mbele ya mteja, ni lazima awe na uhakika na sentensi yote kabla hajaianza. Jikoni anaweza kuanza sentensi bila kujua itaishia wapi. Na tatizo la programu, wenzangu, siku ya kwanza halina sentensi kamili. Ukiwa nalo, una nusu ya wazo na wasiwasi tu. Kikao kinachopokea sentensi kamili pekee hakitalisikia mpaka limekomaa.

Timu ile ilibadilisha mambo mawili madogo. Kikao cha kwanza wakakifanya wenyewe, robo saa, kwa lugha yoyote inayokuja mdomoni: Kiswahili, Sheng, Kiingereza, mchanganyiko. Kisha mmoja wao, kwa zamu, akawa anampelekea mteja taarifa kwa Kiingereza. Na kiongozi akaanza kunywa chai yake akiwa amesimama karibu na sinki. Wiki ya kwanza walinyamaza kila alipoingia. Alivumilia, akawa anaosha kikombe chake na kuuliza habari za mechi. Baada ya muda wakazoea, mazungumzo yakaendelea akiwepo.

Najua wapo wakufunzi wa ajaili wanaosema timu iwe na lugha moja ya kazi kuanzia asubuhi hadi jioni. Mimi sikubaliani nao, na niko tayari kulitetea hili mbele ya mteja yeyote. Nyaraka ziwe za Kiingereza, msimbo uwe wa Kiingereza, sawa. Lakini kufikiri kwa pamoja kufanyike kwa lugha ambayo watu wanafikiria.

Kuna jambo lilimtisha kiongozi yule. Baada ya mabadiliko hayo, hitilafu zilizoandikishwa ziliongezeka. Akadhani timu imeharibika. Nikamwambia habari za Amy Edmondson. Miaka ya 1990 mtafiti huyu alichunguza makosa ya dawa katika wodi za hospitali huko Marekani. Alitarajia wodi zenye ushirikiano mzuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikaonyesha zina makosa mengi zaidi. Alipochimba, akaona kwamba katika wodi zile wauguzi walikuwa wakiyataja makosa yao, na kwingine walikuwa wakiyaficha. Makala yake ya mwaka 1999 kuhusu usalama wa kusema ndani ya timu inatajwa hadi leo. Kwa hiyo hitilafu zikiongezeka kwenye orodha yako baada ya watu kuanza kuongea, usikimbilie kumwita mtu ofisini.

Sasa nifike kwenye kile ambacho hasa kimenileta hapa. Mnasema watu wetu hawasemi. Mimi nawauliza: mmewatafuta wapi?

Kuna dada mmoja anayefanya majaribio ya programu katika kampuni moja ya mikopo. Kwenye kikao cha kutazama nyuma, kila wiki mbili, wanaandika karatasi za kubandika: nini kimekwenda vizuri, nini kimekwenda vibaya. Zake zilikuwa hivi: "Timu nzuri." "Tumesaidiana." Upande wa mabaya, hakuna kitu. Na huyu ndiye mtu anayezijua kasoro za programu ile kuliko wote, kwa sababu ndiye anayezipata! Wakubwa wake walikuwa wameshaamua kwamba ni mpole, ndivyo alivyolelewa.

Siku moja akanialika kwenye chama chake, kikundi cha kuchangiana pesa, Jumapili mchana, mtaa wa Donholm. Wanawake wa rika zote sebuleni, pilau jikoni. Yeye ndiye mweka hazina. Alipofika wakati wake alifungua kitabu, akavaa miwani, akasoma. Jina, kiasi, tarehe. Jina, kiasi, tarehe. Akafika kwa shangazi yake mwenyewe, dada wa baba yake, mama wa miaka sitini na ushei. Akasema, kwa sauti ile ile: "Shangazi, mchango wako wa mwezi uliopita haujaingia, na faini yake ni shilingi 200." Hakuna aliyeshtuka. Shangazi akasema ni kweli, akatoa simu, akatuma pale pale kwa M-Pesa, na simu ya mweka hazina ikalia. Akasoma jina linalofuata.

Huyo ndiye mliyesema hawezi kumkosoa mkubwa. Amemkosoa mkubwa wake wa damu, mbele ya wanawake wote wale, akimwita Shangazi kwa heshima zake zote. Wazee walisema heshima si utumwa. Pale sebuleni niliiona methali hiyo ikifanya kazi.

Utamaduni wake ni upi sasa? Wa Jumapili au wa Jumatatu? Yeye ni mtu yule yule.

Nilikaa naye baadaye tukalichambua. Kwenye chama, kanuni waliziandika wenyewe, wote wakiwepo, na faini kila mmoja aliikubali kabla hajakosea. Kitabu kinasomwa chote, kwa kila mtu, mwenyekiti akiwemo, kwa hiyo hakuna anayeonewa kwa kutajwa. Cheo kinazunguka: mwaka ujao mweka hazina ni mwingine, na leo anayesoma anafanya kazi ya kile kiti. Na wote wameweka pesa zao. Kitabu kikiwa na uongo, ni wao watakaopoteza.

Ofisini, akaniambia, kanuni za kikao zilikuja na mkufunzi. Kikao anakiongoza meneja. Meneja huyo huyo ndiye anayeandika tathmini yake mwezi wa Desemba. "Wewe ungebandika karatasi gani?" akaniuliza.

Wewe ungebandika karatasi gani?

Meneja wake, namshukuru, alisikiliza. Uongozi wa kikao ukaanza kuzunguka, hadi kwa wanaojifunza kazi. Kukawa na zamu ya msomaji: mtu mmoja anasoma hitilafu zote za wiki mbili, moja baada ya nyingine, bila kuruka za mkubwa. Na mambo ya kikao yakakatazwa kuingia kwenye tathmini ya mwisho wa mwaka, kwa maandishi. Hili la mwisho ndilo gumu na ndilo lililoleta tofauti, maana mengine yote bila hilo ni mapambo.

Na walirekebisha kitu kingine. Timu nyingi hukadiria ukubwa wa kazi kwa karata zenye namba, 1, 2, 3, 5, 8, 13. Njia hiyo aliieleza James Grenning mwaka 2002, na kiini chake ni kila mtu kufunua kwa wakati mmoja, ili namba ya mmoja isiwavute wengine. Katika timu ile karata zilikuwepo, lakini nilimwona kijana ameshika 8, macho kwenye mkono wa fundi mkuu. Fundi mkuu akatoa 3. Kidole cha kijana kikateleza kwenye kadi, ikatoka 3. Siku hizi karata zinalazwa kifudifudi mezani kwanza, mikono inaondoka, ndipo zinafunuliwa. Na anayeanza kueleza namba yake ni mgeni kuliko wote kazini.

Wenzangu, nisije nikawaacha mkidhani kila ukimya ni suala la utamaduni, uwe wa nchi au wa ofisi. Mwingine ni mkataba tu.

Wengi humu mnaiundia serikali mifumo. Mnajua zabuni inavyokwenda. Mahitaji yanaorodheshwa yote mwanzoni, bei inafungwa, na Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inaweka mipaka ya kiasi ambacho mkataba unaweza kubadilishwa. Mipaka hiyo ina sababu yake, tunajua pesa za umma zilivyopotea katika nchi hii, na mimi sitaki iondolewe. Lakini ukiketi na timu iliyo chini ya zabuni ya namna hiyo, halafu uandike kwamba Wakenya hawapendi mabadiliko, umeuchunguza mkataba ukadhani umewachunguza watu.

Na mikataba ya kazi je? Nilimfahamu mhandisi aliyekuwa akiajiriwa miezi mitatu mitatu. Kwenye kupanga, kila alichoulizwa alikubali. Kazi ya wiki tatu akaambiwa wiki moja, akakubali. Meneja akasema ni adabu za kwao. Kisha akapewa ajira ya kudumu. Baada ya muda mfupi tu akawa ndiye anayesema, "Hapana, hii haitawezekana kwa wiki moja, na sababu ni hizi." Kwao hakujahama. Lugha ya mama yake haijabadilika. Kilichobadilika ni barua ya ajira.

Hili linaniuma, niseme wazi. Tunapoita woga wa kukosa kodi ya nyumba utamaduni, tunampa mwajiri njia ya kutofanya lolote.

Basi tuchunguzeje? Nisemee wanafunzi na watafiti, kisha niketi.

Kumbukeni M-Pesa ilivyoanza. Majaribio ya mwaka 2005, Nairobi na Thika, yalilenga wateja wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, kulipa marejesho yao kwa simu. Waliokuwa wakiyaendesha wakatazama watu wanafanya nini hasa na simu zile. Wakaona mtu anaweka pesa kabla ya safari na kuzitoa akifika. Wakaona mtu anamtumia mwenzake. Mfumo ulipozinduliwa Machi 2007 wito wake ukawa kutuma pesa nyumbani. Hakuna dodoso ambalo lingewapa jibu hilo, kwa sababu hakuna mtu angeandika jibu la swali ambalo halijaulizwa.

Timu za programu zichunguzwe hivyo. Uingereza, Helen Sharp na Hugh Robinson waliketi ndani ya timu zinazotumia njia hizi, wakitazama kazi ya kila siku, na mwaka 2004 wakachapisha walichokiona. Sisi tunazo timu hapa, tena tele, na ni wachache mno wanaoketi nazo. Dodoso la alama 1 hadi 5 lenye swali "Je, uko huru kumkosoa msimamizi wako?" lililotumwa kwa barua pepe na msimamizi huyo huyo litakujibu 5, na halitakuwa limekuambia kitu.

Kaa nao. Andika nani ameanza kuongea na nani amekatizwa. Andika lugha imebadilika kwenye sentensi gani, na nani alikuwa ameingia. Nenda jikoni, panda nao matatu ikiwezekana. Usiulize mtu kuhusu utamaduni wake. Muulize kuhusu Jumatano, ile kadi ilirudije. Ulizia nani anamtathmini nani, na mkataba wake unaisha lini. Linganisha timu mbili za ghorofa moja kabla hujalinganisha Kenya na Ujerumani.

Kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, kiwepo, na idhini ya kila mtu, si ya meneja peke yake. Maneno ya watu ni mali yao, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuhusu wewe mwenye daftari. Ukimaliza kuandika, timu isome kwanza, kabla ya meneja na kabla ya msimamizi wako wa chuo, na wakisema mahali fulani hukuelewa, rudi ukakae tena.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Tuna nusu saa ya maswali. Kipaza sauti kianzie kwa walioanza kazi mwaka huu na wanafunzi, kwa lugha yoyote, na viongozi wa timu tutawafikia baadaye.